Rezini ya boti imemwagika kwenye vigae vya udongo: funga kopo la thina kwanza

Swali: Shikamoo fundi. Tunaishi Pasiansi, Mwanza, na baraza letu linalotazama ziwa lina vigae vyekundu vya udongo alivyoviweka marehemu baba mkwe kwa mkono wake. Mwezi uliopita shemeji yangu alikuwa akiziba nyufa za boti yake ya faibaglasi hapo uani, mvua ikaanza, akahamishia barazani kazi ya kuchanganya rezini, ile gundi ya kuzibia. Kopo likapinduka. Doa moja kubwa kama sinia linanata mpaka leo, na mengine madogo madogo yamekuwa magumu kama kioo. Nimesugua kwa thina siku mbili. Doa kubwa limetanuka na kuwa jeusi. Jirani ananishauri nimwagie asidi ya betri. Sitaki kung'oa vigae vya mzee. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Asidi ya betri mwachie mwenye betri, na kopo la thina lifunge lisionekane. Naanza na hayo mawili kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri hata wiki, lakini kila ukisugua tena kwa thina doa linazidi kwenda chini.

Kigae cha udongo ni ndugu wa mtungi. Unajua kwa nini maji ya mtungini ni ya baridi: mtungi unatoka jasho, maji yanapenya taratibu kwenye ukuta wake na kukauka kwa nje. Kigae cha baba mkwe wako kimetengenezwa kwa udongo wa namna hiyohiyo, kikachomwa kwa moto mdogo kuliko ule wa marumaru za kaure, kwa hiyo ndani kimejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Marumaru za dukani zinazong'aa zimefunikwa tabaka la kioo. Ukimwaga kitu juu yake kinakaa juu. Cha kwako kinakunywa.

Sasa fikiria lililotokea. Rezini ilipomwagika ilikuwa nzito kama asali, na kitu kizito kama asali hakipenyi upesi kwenye vitundu vidogo. Sehemu kubwa ilibaki juu. Wewe ukaja na thina, ukaifanya nyepesi kama maji, kigae kikainywa. Ule weusi unaouona si wa kigae kuungua. Ni rangi ya kigae kilicholowa, ila maji yangekauka na hiki kilichomo ndani hakikauki. Usijilaumu sana, karibu kila mtu huanza hivyo, na mimi mwenyewe nilianza hivyo Isamilo, nitakusimulia mbele kidogo. Ila tangu sasa kila unachofanya kilenge kulipandisha doa juu. Kumwaga kitu na kusugua ni kuliteremsha.

Kwanza tujue ni rezini gani. Za boti kwa kawaida ni za poliesta: zina harufu kali inayokaa puani, kama ya plastiki mpya, na huchanganywa na hadena, yaani dawa ya kuikausha, kidogo sana, gramu 10 hadi 20 tu kwa kilo nzima ya rezini. Nyingine ni epoksi, ile wanayomwagia meza za mbao siku hizi zionekane kama zina mto katikati. Hiyo haina harufu kubwa, hadena yake inanuka kama samaki au amonia, na huchanganywa kwa wingi, kopo moja kwa moja au mawili kwa moja. Muulize shemeji. Akikumbuka kwamba hadena aliipima kwa matone au kwa kizibo, ni poliesta, na ndivyo ninavyodhani. Kwa kazi iliyo mbele yako tofauti si kubwa, isipokuwa epoksi mbichi hupungua nguvu pia kwa siki nyeupe, na poliesta haiijali siki hata kidogo. (Wengine huniuliza kuhusu utomvu wa msonobari au wa mwembe uliodondokea vigae. Huo ni mwepesi zaidi: barafu ndani ya mfuko, ukwangue, umalizie kwa spiriti. Usichanganye mambo.)

Kwa nini doa kubwa linanata na madogo yamekuwa kioo? Madogo yalidondoka baada ya shemeji kutia hadena. Kopo lililopinduka, nadhani, lilikuwa halijatiwa hadena, au ilikuwa imetiwa lakini haijakorogwa vizuri. Tena poliesta ikiwa wazi juu, hewa yenyewe huzuia ngozi yake isikauke, na unyevu wa mvua ukaongeza. Ndiyo maana wiki nyingi zimepita na bado inashika soli ya kandambili. Unaweza kuona ni balaa, kumbe ndiyo bahati yako. Rezini isiyokauka bado inayeyuka. Iliyokwisha kukauka ni kama yai la kuchemsha. Hujawahi kuliona yai la kuchemsha likirudi kuwa bichi. Hakuna kimiminika cha dukani kitakachoirudisha kuwa maji bila kuharibu kitu kingine kwanza.

Tuanze na lile linalonata, maana ndilo linalotembea nyumbani kwa miguu ya watoto.

Mwagia juu yake unga mkavu wa chaki au poda ya mtoto, tabaka nene kama ya chapati, uache usiku kucha. Unga unakunywa kilicho juu na kukigeuza kitu kama ugali unaoshikika. Asubuhi kwangua kwa skrepa ya plastiki au kipande cha mwiko wa zamani, ukielekea katikati ya doa, na kila ulichokwangua kifute kwenye gazeti kabla ya kurudi. Rudia hata mara tatu. Watu hawana subira na hatua hii kwa sababu haina maajabu, lakini kila kijiko unachokitoa kikavu ni kijiko ambacho asetoni, kiyeyusho cha hatua inayofuata, haitakiteremsha kigaeni.

Kisha asetoni. Nunua asetoni halisi kwa wauza vifaa vya faibaglasi, au kwenye duka la rangi linaloijua. Ile ya kufutia rangi ya kucha mara nyingi ina mafuta na manukato, na nyingine haina asetoni kabisa. Thina nayo ni mchanganyiko. Kopo la leo si lazima liwe sawa na la jana. Asetoni inayeyusha poliesta mbichi vizuri na inapaa upesi bila kuacha mafuta yake.

Kwa kuwa inapaa upesi, inawaka upesi pia, hata mchana wa baridi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kama maji mpaka ukute jiko la mkaa upande wa pili wa mlango. Kwa hiyo siku hiyo hakuna kupika karibu, hakuna sigara, na friji iliyo barazani ichomolewe kabla hujafungua kopo. Na angalia upepo. Baraza linalotazama ziwa hupata upepo wa ziwa mchana, unaoingia ndani ya nyumba na kuubeba mvuke mpaka vyumbani. Alfajiri na asubuhi mapema upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Fanya kazi saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, sakafu ikiwa bado ya baridi. Mvuke utatoka nje wenyewe, na asetoni haitakauka kabla haijafanya kazi. Vaa glavu nene za mpira. Zile nyembamba za hospitali asetoni huzipita ndani ya dakika chache.

Jaribu kwanza kwenye kigae cha kona kisichoonekana, hasa kama mzee alivipaka nta, maana nta itatoka pale utakapogusa. Kisha chukua kitambaa cheupe cha pamba. Nasema cheupe: kipande cha kanga kuukuu kinaweza kukuachia rangi yake kwenye kigae, nawe ukabaki na madoa mawili. Kikunje, kiloweshe bila kudondosha, kibonyeze juu ya doa kwa sekunde kama kumi, kiinue. Usisugue. Geuza upande safi, bonyeza tena, ukianzia ukingoni na kwenda katikati. Upande uliokwisha kuchukua rezini usirudi tena sakafuni. Utatumia vitambaa vingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo andaa shuka moja zima la kuchana.

Mkono ukipita juu bila kunata, umemaliza juu. Sasa umebaki weusi wa ndani, ule uliousababisha na thina. Huo hautoki kwa kitambaa. Unatoka kwa kubandika dawa juu yake, kama mzee anavyobandika majani juu ya jipu.

Chukua karatasi nyeupe ya chooni isiyo na rangi wala marashi, ichane vipande, uloweshe kwa asetoni ndani ya bakuli la chuma mpaka iwe kama uji mzito, uikamue kidogo isichuruzike. Ibandike juu ya doa, unene wa kidole, ivuke ukingo wa doa kwa upana wa vidole viwili. Wapo wanaotumia unga wa udongo mweupe badala ya karatasi, na kweli unavuta zaidi, lakini kwenye kigae chekundu kisichofunikwa mara nyingi unaacha weupe vitunduni ambao utakusumbua kuliko doa. Mimi naanza na karatasi. Funika kwa nailoni, ukandamize kingo kwa mawe, na hayo Mwanza hatujawahi kuyapungukiwa. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini nailoni ya shuka inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya ujenzi itakufaa.

Iache imefunikwa kwa muda wa saa nne au tano, ukikaa mbali na moto wowote. Halafu toa nailoni na uiache karatasi ikauke yenyewe mpaka iwe kavu kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaibandua ikiwa mbichi. Wakati wa kufunikwa asetoni inaingia na kulainisha. Wakati wa kukauka inapanda juu kuelekea hewani, na inapanda na rezini yake mgongoni. Ukibandua mapema umelainisha tu, hujavuta. Karatasi kavu utaikuta imekakamaa na imegeuka rangi ya chai. Hiyo rangi ndiyo iliyokuwa ndani ya kigae.

Rudia. Mara ya kwanza utafurahi, ya pili utaona tofauti kidogo, ya tatu au ya nne karatasi itatoka karibu nyeupe. Hapo simama, hata kama bado kuna kivuli. Sitakudanganya kwamba kitabaki kama siku alipokiweka mzee. Kilichoshuka ndani sana kimeshuka. Lakini kivuli cha kahawia kwenye kigae cha udongo, baada ya miezi michache ya kupigwa deki na kupakwa nta, ni mwenye nyumba peke yake anayekiona.

Yale madogo magumu yana njia nyingine, na usiifanye siku moja na asetoni. Nazungumzia moto wa hewa, na hewa ya moto na mvuke wa asetoni havikutani salama. Acha ipite siku nzima.

Rezini iliyokauka haiyeyuki, lakini ikipashwa inalegea. Tumia ile mashine ya hewa ya moto ya kubandulia rangi, au ya kukaushia nywele kwa matone membamba. Iweke umbali wa shubiri moja, uizungushe, usiisimamishe mahali pamoja, maana kigae kikipata moto upande mmoja kinaweza kupasuka. Kila baada ya nusu dakika gusa tone kwa ncha ya kijiti. Kijiti kikianza kuacha alama, ingiza skrepa chini ya ukingo na kuinua polepole. Tone likitoa moshi umezidisha, ondoa moto na utoke nje upumue hewa. Tochi ya gesi sitaki hata kuisikia. Skrepa ya chuma nayo inaacha mistari ya kijivu juu ya udongo. Ukilazimika, chonga kwanza pembe zake ziwe mviringo.

Matone mengine yataruka yenyewe mara ukiyagonga, hasa kama mzee alikuwa amepaka nta, kwa kuwa hayakushika udongo. Mengine yatatoka na gamba la kigae. Ukiona hivyo acha, usilazimishe. Libaki tone jembamba. Hilo unaweza kulipiga msasa namba 120 kisha 220, ukiwa umevaa barakoa na umelowesha kidogo vumbi lisipae. Hapo kigae cha udongo kinakupa faida ambayo marumaru haina: rangi yake ni ileile mpaka ndani, kwa hiyo ukikiparua kidogo hakikutoi aibu.

Sasa asidi. Asidi ya betri, na ile ya kusafishia vigae baada ya kujenga, hazifanyi lolote kwa rezini iliyokauka. Kwani matangi mangapi ya kubebea asidi yanajengwa kwa rezini hiyohiyo na faibaglasi? Zinachokula ni saruji ya mianyani, na zikishakula zinaacha chumvi zinazopanda juu na kutoa ukungu mweupe sakafu nzima. Na mtu akiiona hiyo nyeupe akamwagia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, asidi na dawa hiyo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Jirani yako amekupa ushauri wa kukuhamisha kwenye tatizo dogo kwenda hospitali.

Kuna pia dawa za kubandulia rangi zenye dikloromethani. Hizo kweli zinalainisha rezini iliyokauka. Lakini mvuke wake umeua watu waliokuwa wakifanya kazi vyumbani bila hewa, mpaka mwaka 2019 Marekani ikazuia zisiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kazi hiyo. Nami sizitumii ndani ya nyumba ya mtu.

Niliahidi habari ya Isamilo. Nilikuwa bado kijana, nimeitwa kwenye sakafu kama yako iliyomwagikiwa epoksi kiasi cha sahani. Nilimwaga thina kwa kujiamini, nikasugua kwa brashi ya nailoni, na jioni doa lilikuwa kama ungo. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, hakupaza sauti. Aliniuliza tu kama kabati lake la vyombo lilikuwa zito. Sikuelewa, mpaka tulipolisogeza: chini yake kulikuwa na vigae vinne vilevile, vya umri uleule, havijawahi kukanyagwa. Nilivihamisha kwa gharama yangu.

Hiyo ndiyo njia ya mwisho hata kwako, na ni bora kuliko kutafuta kigae kipya, kwa sababu vigae vya mkono havifanani rangi wala unene, na kipya kitaonekana kama kiraka cha suruali. Lakini inamtaka fundi mwenye subira: kukata saruji ya mianya pande zote nne, kukivunja kigae kilichoharibika kuanzia katikati ili kisichokonoe majirani zake, na kukitoa kile kizuri kikiwa kizima, kazi ambayo mara nyingine hushindikana. Usiifikirie kabla hujabandika karatasi mara nne.

Ukimaliza, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, si ya unga, na uache sakafu ikauke siku tatu au nne. Kujua kama imekauka, dondosha tone la maji: likinywewa na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja, kigae kiko wazi na kinahitaji kufunikwa. Paka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kwa kitambaa, tabaka jembamba, futa yanayobaki juu, na baada ya siku chache malizia kwa nta ya nyuki. Ya Tabora haikosekani sokoni. Vitambaa vyenye mafuta hayo usivirundike kwenye kona. Vinapata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje juu ya jiwe mpaka vikauke.

Vitambaa na karatasi za asetoni nazo zikauke nje, mbali na moto na mbali na dagaa walioanikwa, ndipo uzitupe na taka ngumu. Asetoni chafu usiimwage mtaroni. Mitaro yetu inaishia ziwani, na ziwani ndiko tunakochota. Rezini iliyobaki kwenye kopo, mwambie shemeji aitie hadena yake kidogo kidogo, ndani ya bati lililo juu ya mchanga, ikauke iwe jiwe. Asikaushe kopo zima kwa mara moja, kwa sababu ikikauka kwa wingi inachemka na kutoa moshi.

Na hadena yenyewe? Hujaitaja kwenye barua yako, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko doa. Hadena ya poliesta ni kile kimiminika cheupe kama maji, kwenye chupa ndogo ya plastiki ambayo mtoto anaweza kuidhani ya maji. Tone moja jichoni linaweza kupofusha. Likiingia, jicho lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa, kisha hospitali bila kungoja. Haipendi jua wala joto, na isikutanishwe kamwe na asetoni, si kwenye bakuli, si kwenye kitambaa kimoja: vikichanganyika vinaweza kulipuka. Kama ilimwagika pia siku ile, hapo sakafuni osha kwa maji mengi na uache pakauke kabisa kabla hujaleta asetoni. Leo hiihii muulize shemeji chupa iko wapi. Ikiwa iko dirishani kwenye jua, ihamishie kivulini, juu, mbali na watoto, ndipo uende kutafuta asetoni.